Ishia Cumberland

Mume wangu ni Dokta Laurean tangu Januari 2009. Tasnifu yake ya udokta aliikamilisha Aprili mwaka 2024. Watu wakisikia tarehe hizo hudhani nimechanganya, lakini mimi sichanganyi tarehe. Aliyechanganya ni shemeji yangu Projestus, na alichanganya kwa sababu ya kalenda.

Projestus ana duka la vifaa vya ujenzi Bukoba mjini, na kila mwaka huwapa wateja wake kalenda. Novemba 2008 alimpigia mdogo wake simu huku Marekani, akamuuliza masomo yanaisha lini. Laurean akajibu kwamba ni mwakani. Sasa kalenda ya mwakani huchapwa mwaka huu, haiwezi kungoja mtu amalize kuandika. Basi Januari ilipofika, kila nyumba iliyowahi kununua misumari kwa Projestus ilikuwa na picha ya mume wangu ukutani, amevaa joho la shahada yake ya pili, na chini maandishi mekundu: Hongera Dkt. Laurean, Marekani. Ikafuata misa ya shukrani. Akachinjwa ng'ombe. Tukatumiwa video.

Tuliitazama hiyo video kwenye fleti yetu hapa Riverdale Park, mimi, yeye, na Irene akiwa na miaka minne. Ilikuwa ya saa tatu, na saa moja nzima ilikuwa ya watu wakisubiri chakula. Ilipoisha Laurean akasema itabidi aharakishe. Miaka kumi na mitano ikapita.

Nimweleze kidogo, maana si mvivu. Alikuja mwaka 2002 kusomea historia ya uchumi, akachagua kuandika juu ya mfereji wa Georgetown. Wageni wengi hupita pale wakila aiskrimu na kupiga picha daraja, hawajui kwamba huu mji mkuu wote wa Marekani uliwahi kuota kuwa mji wa mifereji. Ile barabara pana yenye makumbusho pande zote, chini yake umelala mfereji mwingine uliogeuka mtaro wa maji machafu mpaka wakaufukia. Kimebaki kinyumba cha mawe pembeni mwa barabara, alimokaa mtu wa kufungulia mashua njia. Laurean alinipeleka kukiona wiki niliyofika nchini, mwaka 2004, kabla hajanipeleka kununua koti. Ilikuwa Februari.

Niliacha kufundisha darasa la nne ili nije kukaa naye miaka miwili, mpaka amalize. Baadaye bahati nasibu ya karatasi za ukaazi ikaangukia jina langu, nikapata kazi ya kuhudumia wazee kwenye nyumba moja kule Greenbelt, na yeye akapata ya kulinda maegesho ya magari huko huko Georgetown, hatua mia kutoka kwenye mfereji wake. Mchana analinda magari, jioni anaandika. Sura tano za kwanza zilikuwa tayari Irene akiwa darasa la pili. Tatizo ni kwamba alipanga sura tisa, na kila akikaribia kumaliza ya sita aligundua jambo kwenye sura ya pili.

Mwaka 2014 baba yake alifariki. Laurean hakwenda kuzika. Alisema ana sura ya kukabidhi, na watu wakamwelewa, wakasema udokta ni kazi ngumu. Nilikwenda mimi na Irene. Kwenye ratiba ya mazishi, pale penye wasifu wa marehemu, mshereheshaji alisoma majina ya watoto saba, na la nne akalisoma Daktari Laurean, na watu wakaitikia kwa kichwa. Nikiwa nimekaa kwenye mkeka nilielewa kwa nini hakuja. Aliogopa kusimama mbele ya jeneza huku akiitwa hivyo. Nilielewa, na bado nilimkasirikia mwaka mzima. Nilimwambia hivyo, akasema ni haki yangu.

Hapa Riverdale Park pia alikuwa Dokta. Nani angeanza kuuliza? Kwenye harusi aliitwa akae meza ya mbele. Watoto wa watu waliletwa kwake awaambie wasome.

Februari 2024 chuo kikamwandikia barua. Ilisema kwa adabu sana kwamba muda wake umeongezwa mara sita, hautaongezwa tena, na asipotetea tasnifu yake mbele ya jopo kabla ya tarehe thelathini Aprili, jalada lake litafungwa. Laurean hakunionyesha. Aliibandika kwenye friji, chini ya tangazo la pizza, na mimi tangazo lile la pizza nilikuwa nalihitaji.

Niliisoma mara mbili nimesimama. Jalada likifungwa, ile kalenda ingekuwa uongo moja kwa moja. Mpaka siku hiyo ilikuwa ni ukweli uliochelewa tu.

Nikaenda kwa Edna. Edna ni Mpare, anakaa mtaa wa pili, na ni mwenyekiti wa kamati. Usiulize kamati gani. Harusi, msiba, ubarikio, mtoto kuzaliwa, mtu kuhama ghorofa: ikiwa Watanzania wa upande huu wana jambo, Edna ndiye mwenyekiti. Nilimkuta anasukuma chapati. Nikamwambia kwamba mume wangu si dokta na hajawahi kuwa. Akageuza chapati, akaingoja iive pande zote mbili. Nilikwenda kutafuta ushauri, lakini Edna hana ushauri. Alipangusa unga mikononi, akachukua simu, na kabla sijamaliza chai nilikuwa nimeingizwa kwenye kundi linaitwa Kamati ya Mahafali ya Dkt. Laurean.

Nikamwambia hakuna mahafali, mtu hajamaliza. Akasema kamati ikianza, mtu atamaliza.

Kesho yake aliagiza vitenge vya sare Dar es Salaam, vya bluu. Akataka vikatwe kwa kipimo cha kila mmoja kabla havijasafiri, kwa sababu duka halirudishiwi kitambaa kilichokatwa. Hiyo ilikuwa makusudi.

Laurean alipojua siri imetoka, alikaa chumbani siku nzima ya Ijumaa. Jumamosi saa kumi alasiri Edna alimtumia ujumbe kwamba kikao kinamsubiri yeye. Alikwenda kwa miguu, mimi nyuma yake. Nilihisi nimemvua nguo sokoni. Pia nilihisi nafuu, sitadanganya.

Sebuleni kwa Edna walikuwa kumi na mmoja. Hakuna aliyemcheka wala kumpa pole. Edna alifungua kwa sala, akamwomba katibu asome ajenda. Katibu wetu ni Atiba, Mmarekani mweusi wa Columbia Heights, fundi wa lifti, aliyejifunza Kiswahili kwa miaka tisa na anakizungumza kwa usafi mpaka sisi wenyewe tunajirekebisha akiingia. Alisimama kusoma ajenda: kufungua kikao, kuthibitisha kumbukumbu, yatokanayo, taarifa ya sura ya sita, mengineyo. Kumbukumbu za kuthibitisha hazikuwepo, lakini ajenda bila hicho kipengele Edna haitambui.

Ilipofika taarifa ya sura ya sita, Laurean alianza polepole. Baada ya dakika tano alikuwa amesimama. Aliwaeleza jinsi mfereji ulivyoanza tarehe nne Julai 1828, Rais wa wakati huo akichimba koleo la kwanza mbele ya umati, koleo likagonga mzizi, akavua koti akachimba tena watu wakamshangilia. Siku hiyo hiyo, kule Baltimore, watu wengine walikuwa wanazindua reli. Aliwaeleza wahamiaji wa Kiayalandi walivyochimba kwa sururu, kipindupindu kikawakuta kwenye mahema yao. Malango sabini na manne ya kupandishia mashua, nyumbu wakivuta kamba ukingoni, makaa ya mawe yakishuka Georgetown, unga ukisagwa kwa maji yale yale. Kilomita karibu mia tatu, miaka ishirini na miwili. Walipofika mji wa Cumberland mwaka 1850, reli ilikuwa imekaa pale miaka minane inawangoja.

Wakati anasema hayo nilimtazama nikakumbuka kwa nini nilimkubali. Ilikuwa muda mrefu sijamsikiliza.

Edna alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali. Nalinukuu kutoka kwenye kumbukumbu za Atiba, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

"Huo mfereji uliishia wapi?"

"Cumberland," Laurean akajibu.

"Walipanga uishie wapi?"

"Mto Ohio. Ng'ambo ya milima."

"Wakafika?"

"Hawakufika. Walisimama Cumberland."

"Na mashua zikapita?"

"Zilipita. Mpaka 1924."

"Basi na wewe ishia Cumberland," Edna akasema. "Sura ngapi ziko tayari?"

Laurean akasema tano, na ya sita nusu. Akaanza kueleza kwamba sura ya saba ndiyo inayounganisha hoja zote. Edna akamwambia sura ya saba ni Ohio. Atiba akaandika: Mjumbe ameelekezwa kumaliza sura ya sita na kutoanza sura ya saba. Utekelezaji: Jumamosi ijayo.

Profesa msimamizi wa kwanza alistaafu akimsubiri. Wa pili alihamia Texas. Wote walikuwa wapole, wakimwandikia barua za kumtia moyo. Hawakuwahi kukaa naye sebuleni wakamuuliza mbele ya watu kumi na mmoja, na mbele ya sambusa, kwa nini yatokanayo ya wiki iliyopita hayajatekelezwa. Wiki ya tatu alileta kurasa nane tu, na Kuria, Mkenya wetu pekee kwenye kamati, akamwambia, "Dokta, wacha story za jaba, leta chapter." Jaba kwao ni miraa, na story zake ni porojo. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimuuma zaidi. Wiki ya nne alileta thelathini. Wiki ya sita sura ya sita ikaisha, Atiba akaisoma yote akaweka alama penye makosa ya kupiga chapa, na jopo likapanga tarehe: Alhamisi ya tatu ya Aprili, saa nne asubuhi.

Kuhusu siku yenyewe, kamati iliambiwa kwamba kikao cha kutetea tasnifu ni cha wazi na mtu yeyote anaweza kuhudhuria. Wamarekani husema hivyo wakijua hakuna atakayekuja. Irene alijaribu kutuonya. Akiwa ameshika mfuko wa sahani za plastiki alisema, "Mom, it's a defense, it's not a wedding." Nikamwambia achukue na mfuko wa vijiko.

Chumba kilikuwa na viti kumi na vinne. Tuliingia ishirini na sita, wote bluu, masufuria matatu ya pilau yakiwa yamefungwa kwa kanga. Maprofesa wanne walikuwa wamekaa upande wao na chupa zao za maji. Waliangaliana. Mmoja akauliza kama tuna hakika na chumba. Atiba akajibu kwa niaba yetu kwamba tuna hakika.

Laurean alizungumza dakika arobaini. Suti aliazima kwa Kuria, mikono mifupi kidogo. Maprofesa watatu waliuliza maswali ya kawaida akayajibu, na kila alipomaliza jibu Edna alisema "haya" kwa sauti ya kusikika.

Wa nne alikuwa mama mtu mzima mwenye nywele nyeupe, aliyekuwa hajasema kitu. Alivua miwani. Akasema reli ilifika Cumberland mwaka 1842, mfereji 1850. Kwa miaka minane kila mwenye macho alijua nani ameshinda. Kwa nini waliendelea kuchimba?

Jibu la swali hilo lilikuwa sura ya tano. Mimi mwenyewe, kwa kusikia tu kupitia ukuta wa jikoni, ningeweza kulijibu: hisa zilizokwisha kununuliwa, makaa ya mawe, wanasiasa wa Maryland. Laurean alifungua mdomo akaufunga. Akashika meza. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukitulia. Nikawaza, amefika mlangoni na sasa atageuka arudi kwenye sura ya pili.

Halafu akasema, kwa Kiingereza, lakini mimi niliisikia kwa lugha yetu:

"Kwa sababu nyumbani walikuwa wameshaambiwa."

Yule mama alimtazama, akatutazama na sisi, safu kwa safu, na vitenge vyetu. Akavaa miwani akaandika kitu. Mimi machozi yalikuwa yamenitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, nilikuwa nimebeba sahani.

Baadaye akasema jibu lile ni zuri, lakini halimo kwenye tasnifu, na angependa liwemo. Hapo nikaona uso wa mume wangu ukichangamka. Huo mchangamko naujua, nimeishi nao miaka ishirini. Akasema anaweza kuongeza sura.

Nikasimama. Nikasema, kwa kile Kiingereza changu cha kazini cha kumwambia mzee asishuke kitandani, kwamba hakuna sura. Sentensi moja. Aiandike leo.

Profesa akasema anakubaliana na mimi.

Aliiandika kwenye korido, amekaa sakafuni, Edna amesimama kulia na mimi kushoto. Ilimchukua dakika ishirini na alitaka kuweka tanbihi, tukamkatalia. Saa sita kasoro alibonyeza kitufe cha kukabidhi. Edna akapiga kigelegele kilichomleta mlinzi kutoka ghorofa ya chini. Mlinzi alipewa pilau.

Saa saba mchana ya hapa, Bukoba ni saa mbili usiku, na mama mkwe wangu hulala saa tatu. Laurean huwa anampigia kila Alhamisi, hivyo alitoka kwenda kukaa kwenye ngazi akapiga. Nilimfuata na sahani yake. Aliweka simu sauti ya juu kama kawaida. Wakasalimiana. Migomba haijambo. Goti lilikuwa linauma, limepoa. Nilijua hatamwambia, angemwambia nini? Mama aliyekula ng'ombe wa sherehe miaka kumi na mitano iliyopita unampaje habari kwamba mtoto wake leo amefaulu? Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea. Siku moja tu aliyostahili kupigiwa ngoma, na kwao walikuwa wameshaipiga.

"Mama," akasema, "leo nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Masomo."

Nilisikia redio yake kule ikisoma matangazo ya vifo.

"Sawa," akasema. "Nilikuwa nangoja."

Laurean hakuelewa. Akamuuliza alikuwa anangoja vipi.

"Mtu akimaliza anakuja tumwone. Wewe hata baba yako hukuja kumzika. Nikajua kweli bado. Ile kalenda nimeiacha pale ukutani ili watu wasiniulize."

"Na baba alijua?"

"Baba yako ndiye aliyeniambia."

Laurean aliiweka simu kwenye goti akafunika macho kwa kiganja. Nilikaa kwenye ngazi pembeni yake, nikaweka pilau chini, nikamshika mgongo. Mama mkwe hakukata simu wala hakuharakisha. Alimwacha alie, redio ikiendelea na matangazo. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Sasa mnakuja lini?"

Laurean akanitazama. Nilijua anahesabu likizo na nauli, na masahihisho ambayo hakuna aliyemwomba. Nikamjibu mimi kwamba tutakuja wakati wa senene, wale panzi wa kukaanga.

"Novemba," akasema mama. "Basi nitamwambia Projestus."

Laurean akaikamata simu haraka. Akasema mama asimwambie Projestus kwanza, bado hawajapanga, angoje kidogo.

Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Mwambie, mama," nikasema. "Mwambie leo."